Kiprono na Mikono Yetu Minne

Cherono alinipigia simu asubuhi nikiwa bado nahangaika na kufuli la duka langu pale Kericho mjini, na kwa jinsi alivyoanza kwa kuniuliza habari za ng'ombe ambao sina, nikajua kuna jambo. Cherono ni binti wa Chela, na Chela ni rafiki aliyenijua kabla sijawa mama wa mtu wala mwenye duka. Kiharusi kilikuwa kimempata mwanzoni mwa mvua. Nilimwona hospitalini, akanitazama, kisha akageukia ukuta, na muuguzi akaniambia wagonjwa wengi huwa hivyo siku za kwanza. Sasa alikuwa nyumbani kwake karibu na Roret, na siku za kwanza zilikuwa zimepita kitambo. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu ulikuwa ukiburuta, na maneno yalikuwa yamemkimbia, yeye aliyefundisha watoto wa watu kusoma maisha yake yote. Lakini kilichomtia Cherono hofu hakikuwa mkono wala maneno. Ni kwamba mama yake alikuwa ameacha kujaribu. Mtaalamu wa mazoezi akija, Chela anafumba macho mpaka aondoke. Akiwekewa kijiko kwenye mkono wa kushoto, ule ulio mzima, anakiacha kianguke. "Aunty, daktari amesema asipoanza saa hii, hiyo mkono itazoea kulala, na yeye pia atazoea," Cherono akaniambia. "Sisi ametuchoka. Kuja wewe." Nikamwambia nitafika Jumapili baada ya kanisa, nikakata simu, nikakaa juu ya gunia la mbegu bila kufungua dirisha. Mteja wa kwanza alidhani nimefiwa.

Wiki ile ile mwanangu Kamau, aliyekuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, alikuwa ameniwekea kwenye televisheni mchezo mpya wa mtu mdogo mwenye furushi mgongoni, anayeruka kutoka jiwe hadi jiwe akikusanya kengele. Aliniita kutoka jikoni huku akicheka. "Mathe, si huyu ndiye Kiprono wako?" Ndiye. Kiprono ni jina tulilompa mimi na Chela tukiwa wasichana, tulipocheza mchezo wake wa kwanza. Jina lake halisi liliandikwa kwenye kaseti kwa maandishi ya kigeni ambayo hakuna mtu katika Sotik nzima angeyasoma. Hilo la Kiprono Chela ndiye aliyelichagua, kwa sababu kwa Wakipsigis Kiprono ni mtoto aliyezaliwa mbuzi wakirudi nyumbani jioni, na huyu mtu mdogo alikuwa mbio wakati wote, kengele zikilia, utadhani anakimbizana na giza. Watengenezaji wake walikuwa wamenyamaza miaka yote hiyo, sisi tukaolewa, tukazaa, tukanenepa, ndipo wakakumbuka kuendeleza safari yake. Kamau aliposhika njia kwenda kuwaona marafiki zake, nilivaa miwani nikaketi mbele ya kioo na ile rimoti mpya isiyokuwa na waya, yenye vitufe vingi kuliko vidole vyangu.

Kwanza nilikasirika. Kiprono wa siku hizi ana kope. Furushi lake lina mikanda, na akisimama linapanda na kushuka kwa sababu anapumua. Ukimwacha bila kumgusa anaketi chini, anavua kiatu na kutoa kokoto. Mvua ikinyesha analoa, na akitoka mvuani anajikung'uta. Kiprono wetu alikuwa vipande vya rangi vilivyopangwa kama matofali, uso hana, lakini tulimjua vizuri kuliko majirani. Muziki nao umekuwa wa kwaya nzima na vinanda, ingawa ukitega sikio unausikia wimbo ule wa zamani chini kabisa, unatembea polepole kama mtu mzima anayejua njia. Nilipousikia machozi yalinitoka, nami sikuyatarajia. Kitu kilichonisumbua zaidi ni kwamba Kiprono hafi. Zamani ukianguka shimoni umeanguka, unarudishwa mwanzo bila pole. Sasa anakuja ndege mkubwa wa kijivu, anamshika kwa ukosi, na kumweka taratibu ukingoni pale alipoteleza. Kamau aliporudi nilimlalamikia kwamba huo si mchezo, ni kulea watoto. Akaniambia watu siku hizi hawana taimu ya kuanza mwanzo. Nikamwona mvivu. Baada ya simu ya Cherono nilimfikiria yule ndege tofauti kabisa. Nilitamani awepo.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule uliofuata kidato cha nne, mimi na Chela tumemaliza shule, tumekaa tunangoja: matokeo, kisha kuitwa vyuoni, kisha chochote ambacho kingekuja. Mama yangu alikuwa na hoteli Sotik, kwenye barabara ya kwenda Kisii. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi, ukuta wa samawati hadi kiunoni na juu yake rangi ya maziwa iliyokwisha kugeuka kahawia kwa moshi. Akina mama waliotoka upande wa Kisii na mikungu yao ya ndizi walikaa bega kwa bega na wazee wa Kipsigis waliotoka kupeleka maziwa, wakinywa chai ile ile na kubishana ng'ombe wa nani anajua kukamuliwa. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa chetu. Kilikuwa kati ya jikoni na stoo, ukuta wake mmoja ni mbao nyembamba ambayo maneno yote ya mbele yalipita bila kubisha hodi. Kulikuwa na magunia ya unga, mitungi ya maziwa, benchi moja fupi, na televisheni ambayo mama aliitoa mbele baada ya kugundua kwamba mteja akianza taarifa ya habari anamaliza nayo kikombe kimoja tu. Mjomba wangu alituletea mashine ya mchezo kutoka Nakuru ikiwa na rimoti mbili. Panya wa stoo akatafuna waya wa moja kabla hatujaizoea.

Chela alikuwa anakuja na mama yake asubuhi, wakileta maziwa, kisha mama yake anarudi shambani na yeye anabaki kutusaidia jikoni. Kwa rimoti moja tungeweza kupokezana kama watu wengine, ila hakuna kati yetu aliyejua kungoja. Na kulikuwa na sharti la mama yangu: mchezo ni sawa, lakini ndengu za kesho zichaguliwe mawe, mikono isikae bure. Kwa hiyo tukapata namna yetu. Tulibanana kwenye lile benchi, Chela kushoto, mimi kulia, sinia la ndengu juu ya mapaja yetu. Mkono wake wa kushoto ulishika upande wa kushoto wa rimoti, ule wa kumpeleka Kiprono mbele, nyuma, juu na chini. Mkono wangu wa kulia ulishika upande wa kulia, ule wa kuruka. Mikono yetu ya ndani, wake wa kulia na wangu wa kushoto, ilibaki kwenye sinia ikitupa mawe. Yeye aliendesha, mimi niliruka. Mwanzoni tulimuua Kiprono ovyo. Baadaye hatukuhitaji hata kuambiana. Nilisikia bega lake likikaza kidogo nikajua sasa. Chela alikuwa na kidole gumba cha kushoto chenye akili ya peke yake, kwa sababu alichuma chai tangu utotoni, na mchuma chai anafanya kazi kwa mikono yote miwili sawasawa. Mimi nilikuwa mtoto wa hoteli. Mkono wangu wa kushoto ulijua kushika sufuria tu, na mawe mengi yaliyopita kwenye ndengu mwaka ule yalipitia kwangu. Wateja wakivunja jino, mama aliangalia upande wangu.

Saa za mchana tulikula palepale, chapati na ndengu zile zile, na Chela akimimina mursik kutoka kwenye kibuyu cha mama yake. Mara ya kwanza nilipoyaona yale maziwa na michirizi ya rangi ya majivu nilidhani yameungua. Chela alinitazama nikinywa kwa uso wa mtu anayemeza dawa, akacheka mpaka akalala kwenye magunia ya unga na kuinuka mweupe. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nikimwomba aongeze. Siku moja tukiwa hivyo, mdomo umejaa, tukasikia mama zetu wakizungumza upande wa pili wa mbao, kila mmoja na Kiswahili chake kilichopindia kwao. "Hawa ni kama mtu moja sasa," mama yangu alisema. "Mmoja akiolewa, huyo mwingine atabaki na mkono moja." Mama Chela akamjibu kwamba basi watafutiwe boma moja, mambo yaishe. Tulicheka hadi sinia likapinduka, na jioni yote tulikaa sakafuni tukiokota ndengu. Nimeikumbuka kauli hiyo ya mama yangu mara nyingi tangu Chela augue, na haichekeshi tena.

Hatua iliyotushinda ilikuwa ile ya majani. Kiprono anatoka kwenye mawe anaingia uwanja mpana wa vichaka vya kijani, vimekatwa juu vikalingana, safu baada ya safu. Mtoto yeyote wa Bomet au Kericho angekuambia hiyo ni chai. Tulipoifikia mara ya kwanza mama Chela alikuwa ameingia na mtungi wa maziwa, akasimama nyuma yetu kungoja mtungi mtupu. Nikaruka, Kiprono akatua juu ya kichaka. Mama yule akaweka mtungi chini. Akauliza hiyo chai ni ya nani. Chela akamweleza kwamba ni picha tu, haina mwenyewe. Mama yake akatikisa kichwa. "Hata kama ni picha," akasema. "Chai haikanyagwi." Kisha akachukua mtungi wake akaenda zake. Hakuwa anatania. Kila kichaka kwenye shamba lake alikipanda kwa mkono wake, na juu pale, palipolingana, ndipo machipukizi ya mchumo unaofuata yanapotokea; mtu akikanyaga amekanyaga chakula. Chela alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Mtu hupita kati ya safu, chini, majani yakimlowesha kiuno. Hapiti juu.

Basi tukapita chini. Wiki zikaenda tukipita chini. Kule chini kulikuwa na viumbe vyenye miiba vilivyobingirika moja kwa moja kuelekea kwetu, na mwisho wa safu palikuwa na ukuta usio na mlango. Kiprono alikufa huko kila namna inayowezekana mtu kufa. Mimi mtoto wa hoteli ndiye niliyechoka kwanza. Nikamwambia Chela kwamba njia ni juu, iko wazi, hata kipofu anaiona. Akaniambia aliyetengeneza mchezo huu ameona chai mahali fulani, haiwezekani achore safu hivyo bila kuona, na kama ameona, basi anajua watu wanapita wapi. Njia ya chini ipo, hatujaipata. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikamwacha na ndengu, nikashika rimoti nzima mwenyewe, nikampitisha Kiprono juu ya majani kutoka mwanzo hadi mwisho bila shida yoyote. Chela alikuwa amefumba macho, hataki kuona. Nilipomwambia tumemaliza akafungua jicho moja. "Wewe umemaliza," akasema. "Sisi hatujamaliza." Hakuwa amekasirika. Aliweka tena mkono wake kwenye rimoti na kuurudisha mchezo mwanzoni mwa majani, akaniambia nishike upande wangu. Nikashika, maana bila yeye ule ushindi haukuwa na utamu wowote.

Hatukuipata njia ile. Kabla mwaka haujaisha Chela aliitwa chuo cha ualimu, mimi nikaenda Nakuru kujifunza biashara, na mashine ikazimika yenyewe siku moja ya radi. Siku ya kuondoka alikuja hotelini na sanduku lake la bati, tukanywa chai mbele kama wateja, tukiona haya bila sababu. Aliponiaga aliniambia nisisahau kwamba ile ya majani bado. Halafu maisha yakatuchukua jinsi yanavyochukua watu: harusi, mazishi, salamu za Krismasi, simu fupi fupi za kuahidiana kutembeleana. Hatukugombana hata siku moja. Tulikuwa tu kila mmoja na mikono yake miwili imejaa.

Siku mbili baada ya simu ya Cherono, nikicheza peke yangu sebuleni, nikafika kwenye majani. Wameyaweka tena. Nilisimamisha mchezo nikainuka nikatembea kidogo chumbani. Safari hii ni chai yenyewe hasa, na wala hawafichi: umande, ukungu unaopita chini chini, majani machanga yenye rangi hafifu juu na yale mazito ya chini, na upepo ukivuma safu zote zinayumba pamoja. Nimeishi katikati ya chai maisha yangu yote na sijawahi kuitazama kwa muda mrefu namna ile. Nikapita juu. Ilikuwa rahisi, nikafika ng'ambo, nikapewa kengele zangu na muziki wa pongezi. Nilizima nikaenda kulala nikiwa na huzuni ambayo sikuielewa vizuri.

Jumapili nilitia mashine ya Kamau kwenye kikapu, chini ya mkate na majani ya chai, nikaenda Roret. Sebule ya Chela ilikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti na picha za madarasa aliyowahi kufundisha, watoto wamepangwa kwa urefu. Alikuwa ameketishwa kwenye kochi dirishani, leso imefunika mkono wa kulia. Nikamsalimu, chamgei, akanitazama, kisha akaanza kugeukia dirisha. Cherono alileta kimnyet, ugali wa wimbi, pamoja na mboga ya saga iliyopikwa kwa maziwa, na mursik. Mimi nikala, nikiionea aibu mikono yangu miwili mizima, nikizungumza peke yangu juu ya bei ya mbolea na watu waliokufa. Chela hakugusa chakula. Cherono alikusanya vyombo, akaenda jikoni, na nilimsikia akifungulia maji ili nisisikie anavyolia.

Sikuwa na mpango wa maana. Nilijua tu kwamba kuna kitu kimoja duniani nilichowahi kufanya na huyu mtu bila maneno. Nikaunganisha mashine kwenye televisheni yake, nikaja nikaketi kulia kwake, nikabanana naye kama lile benchi lilivyotubana. Nilichagua hatua ya majani moja kwa moja. Kisha nikashika rimoti kwa mkono wangu wa kulia, upande wangu, na upande wa pili nikauacha ukining'inia mbele yake. Rimoti ile ni nzito kidogo ukiishika kwa mkono mmoja. Nikasema mimi siwezi kumpeleka, najua kuruka tu, anajua hivyo. Kiprono alisimama pembeni mwa safu ya kwanza akipumua. Akaketi. Akavua kiatu, akatoa kokoto. Ukungu ukapita. Mkono wangu ulianza kuchoka na sikuuondoa. Mkono wangu wa kushoto haukuwa na ndengu za kuchagua, nikauweka juu ya ile leso, juu ya mkono wake uliolala. Ulikuwa na joto. Sijui kwa nini nilitarajia uwe baridi.

Uzito ukapungua kwenye rimoti. Sikugeuka kutazama, niliogopa. Kiprono akavaa kiatu, akainuka, akapiga hatua moja mbele, akasimama, akapiga nyingine. Tukafika kwenye kichaka cha kwanza. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kuruka nikangoja bega lake likaze, nijue sasa. Halikukaza. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimebonyeza chini, kikabaki pale. Nikataka kumwambia huko hakuna kitu, nimeshapita juzi, njia ni juu. Kiprono alichuchumaa. Furushi likateleza begani kwake, akalishika. Akaendelea kuinama, na majani yale mazito ya chini yakafunguka kama mtu anavyoyafungua kwa kiuno, naye akaingia. Kulikuwa na njia. Nyembamba, ya udongo mwekundu, kati ya mashina, mwanga wa kijani ukishuka kutoka juu, na kengele zimening'inia kwenye matawi mbele mpaka jicho linapoishia. Viumbe vya miiba hakuna. Kwaya ilinyamaza, ukabaki wimbo wetu wa zamani, peke yake, kama ulivyotoka kwenye ile televisheni ya Sotik. Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu aliyeiona chai, na alikuwa amengoja miaka hii yote kurekebisha.

Nilimgeukia Chela. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umepanda. Macho yalikuwa kwenye kioo, makali, macho ya mwalimu aliyemkuta mtoto amekosea hesabu ile ile tena. Koo lake likafanya kazi kwa muda mrefu. Sikumsaidia.

"Chai," akasema. Akapumzika. "Haikanyagwi."

Maji yalinyamaza jikoni. Cherono akatokeza mlangoni, sufuria mkononi, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Aunty, umesema?"

"Si mimi," nikamwambia.